Nyumba ya Pwani, Jua Lake na Upepo Wake

Mtu anunuaye kiwanja katika miji ya pwani, iwe Tanga au Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, aghalabu huuliza mambo yale yale kabla ya kutoa fedha yake: hati i mikononi mwa nani, barabara i umbali gani, maji hupatikana kwa njia ipi, na majirani ni watu wa tabia gani. Ni nadra kumsikia akiuliza jua huchwea upande gani wa kiwanja hicho na kusi huvuma kutoka pembe ipi. Na kwa kuwa hakuuliza, humwita fundi, akachimba msingi sambamba na barabara kama walivyofanya jirani zake, akapaua, akahamia kwa furaha, na ifikapo Januari ya kwanza akaanza kuulizia bei ya kiyoyozi. Kiyoyozi si haramu, wala mimi si katika wale wawanyimao watu starehe waliyoitolea jasho. Lakini kununua kwa umeme wa kila mwezi ubaridi ambao ungalipatikana bure kwa kuigeuza ramani kidogo tu ni hasara isiyo na sababu.

Maumbile yameifanyia pwani yetu hisani ambayo watu wa nchi nyingi hawakujaliwa. Kwa kuwa tu karibu na ikweta, jua la adhuhuri halitoki mbali na vichwa vyetu mwaka mzima: Dar es Salaam hulipata utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, mwezi wa Juni huegemea upande wa kaskazini kwa kiasi cha nyuzi 30, na Desemba huegemea kusini kwa nyuzi 17 hivi. Kwa hiyo kuta zitazamazo kaskazini na kusini hupigwa na jua la juu, ambalo hukingika kwa wepesi, ilhali kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, la asubuhi na la alasiri, liingialo dirishani kwa usawa wa macho na kumfuata mtu hadi kitandani, na ambalo upenu wa kawaida hauwezi kulizuia. Pepo nazo zimepatana na jua: upepo wa kaskazi, uvumao tangu Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki, na upepo wa kusi, ushikao zamu tangu masika hadi Septemba, hutoka kusini-mashariki. Basi nyumba iliyolazwa kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, ikafunguliwa madirisha yake kaskazini na kusini, na upande wa machweo ikapewa choo, stoo na ukuta mtupu, huwa imelikwepa jua na kuzipokea pepo zote mbili kwa tendo moja. Ni majira ya maleleji tu, pepo zinapobadilishana zamu na hewa ikasimama, ndiyo yanayoishinda nyumba ya namna hiyo.

Upenu ni kitu duni machoni pa wengi, lakini hesabu yake inafaa kufanywa polepole. Chukua upenu wa sentimita 75, ambao ni urefu wa mkono wa mtu mzima, uutokeze nje ya ukuta wa kaskazini katika nyumba ya Dar es Salaam. Adhuhuri ya Juni, jua likiwa limeegemea nyuzi 30, upenu huo hutupa kivuli kinachoshuka mita 1.3 chini yake, kiasi cha kulifunika dirisha zima. Na ukuta wa kusini, jua la Desemba likiwa la juu zaidi, hupata kivuli cha takriban mita 2.5, yaani karibu kimo cha ukuta wote. Kipande hicho cha kenchi na bati hakiongezi gharama ya kumtia mtu umaskini, na fauka ya hayo huikinga rangi ya ukuta na mvua ya masika. Walakini tazama mtindo ulioingia sasa, ambao mafundi wauita nyumba ya kuficha bati: ukuta umepandishwa juu kuliko paa, paa limelazwa nyuma yake lisionekane, na upenu umetupwa kabisa. Sikatai kwamba nyumba hizo zina haiba zikiwa mpya. Lakini ukuta wake huota jua kutwa bila kivuli, maji ya mvua hutiririka juu yake na kuacha michirizi myeusi, na mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta ukiziba kwa majani, maji hutafuta njia yake kupitia dari la sebuleni.

Watu wa kale wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja, miji iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia, wa Unguja mwaka 2000 na wa Lamu mwaka 2001, walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kisiwani kwao wenyewe. Kuta zao zina unene wa nusu mita na zaidi, na upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka masafa yanayozidi sana mita tatu; ndiyo sababu vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Mgeni aingiaye humo adhuhuri, akitoka katika vichochoro ambavyo vyenyewe vimefunikwa na kivuli cha nyumba mbili zitazamanazo, huusifu ubaridi wake na kuondoka akiamini kwamba siri ya wazee ilikuwa unene wa ukuta. Amepata nusu ya habari. Joto la adhuhuri huchukua saa nyingi kuupenya ukuta wa namna ile, na likisha kuupenya hutokea ndani wakati watu wamelala. Na usiku wa pwani si usiku wa baridi uwezao kuuponya, kwani Februari ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32 mchana haishuki sana chini ya nyuzi 25 usiku. Wenyeji walilijua jambo hilo kuliko wasifuji wao. Huko Lamu walijenga juu ya sakafu ya paa banda la makuti lililo wazi pande zake, upepo wa bahari ukapita humo bila kizuizi, hata nyumba moja ikawa na tabia mbili: mchana mtu hukaa chini ya mawe, na usiku hupanda kulala chini ya makuti. Na Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alipoamrisha kujengwa Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo lilikuja kuwa la kwanza Unguja kutiwa umeme, hakuutegemea umeme huo kumpatia ubaridi. Alilizungushia mabaraza mapana ya ghorofa kwa ghorofa, yashikwayo na nguzo za chuma, ili jua lisiufikie ukuta wenyewe.

Lakini majumba ya mawe yalikuwa ya matajiri, na kwa mwenye kipato cha kawaida naona somo lenye manufaa zaidi li katika nyumba ya Uswahilini, ile ya vyumba sita ambayo tumeizoea hata hatuioni tena. Mbele pana baraza lenye kivuli. Katikati ukumbi mmoja unyookao kutoka mlango wa barabarani hadi mlango wa uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Nyuma ua, na jiko na choo vimetengwa huko, moto wa kupikia usiipashe nyumba joto. Milango yote miwili ikifunguliwa, ukumbi huwa mkondo wa upepo, na kina mama wachambuao mchele hapo mchana wanajua ni mahali gani pa kuweka mkeka. Zamani, paa likiwa la makuti na viambaza vya fito na udongo vikikomea chini kidogo ya kombamoyo, hewa ya moto ilitoka juu kwa nafasi hiyo. Yalipokuja mabati na dari, nafasi ikazibwa kwa saruji, na vyumba vikabaki na dirisha moja moja dogo lisilo na mwenziwe wa kupokezana naye hewa.

Haya yote ni ya pwani, na asiyachukue mtu akayapeleka Dodoma. Mgogo aliyejenga tembe, yenye kuta nene za udongo na paa bapa la udongo vilevile, alikuwa na haki kamili ya kuutegemea unene, kwa sababu nchi yake ni kavu, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 14 hivi ilhali mchana ulifika 27: ukuta hupoa usiku kucha, na ubaridi ule hutumika mchana. Njombe na Nairobi ni mas'ala mengine tena. Huko mwenye nyumba hulitaka jua la Juni, naye hulipata kwa kuweka madirisha ya sebule upande wa kaskazini.

Turudi pwani, tupande juu ya paa, maana huko ndiko joto kubwa liingiako. Bati lililopigwa na jua la saa saba huweza kupita nyuzi 60, na upande wake wa chini huurusha moto huo hadi kwenye dari, na dari kwa watu. Bati jeupe au la rangi ya kung'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua mbinguni. Lile la rangi ya damu ya mzee, ambalo wengi hulipenda, hulinywa. Nafasi kati ya bati na dari ipewe matundu pande zote mbili, yaliyowekwa wavu wa kuzuia popo, ili hewa ya moto isikae humo kama mfungwa. Yakisha kutimizwa hayo, panga boi hutosha kwa siku nyingi za mwaka. Panga boi hula wati 60 hadi 75, na likizungushwa usiku mzima wa saa nane halimalizi hata uniti moja. Kiyoyozi kidogo cha nguvu ya farasi mmoja hula kiasi cha wati 900 kinapofanya kazi, na hata ukikihesabia mapumziko yake, kitachukua uniti nne au tano kwa saa zile zile. Tena kiyoyozi katika chumba chenye bati la moto juu na dirisha la machweo pembeni hakipati mapumziko.

Dirisha nalo lina mambo yake. Dirisha la alumini la kusukuma pembeni, ambalo leo ndilo alama ya nyumba ya kisasa, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Ongeza wavu wa mbu, ambao nao huupunguza upepo, na dirisha la mita moja na nusu limebaki na kazi ya dirisha la kibanda. Madirisha ya bawaba, au yale ya vibao vya mbao vilivyolazwa kimshazari ambayo Mji Mkongwe umejaa, hufunguka karibu yote na huachwa wazi hata mvua inyeshapo. Wavu wenyewe usiondolewe, malaria bado ipo. Dirisha ndilo liongezwe ukubwa. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa nyumba sita za majaribio, nyingine za ghorofa, vyumba vya kulala vimeinuliwa na kuta zake ni za mianzi, mbao au nyavu zipitishazo hewa. Watafiti walikuta vyumba hivyo vina mbu wachache na usiku wake ni wa baridi kuliko wa nyumba za kawaida za kijijini. Mambo hayo mawili, ambayo watu huyadhania kuwa maadui, yalikuja pamoja.

Taksiri si ya mafundi peke yao. Nyumba nyingi za mjini hujengwa na mtu mmoja na kukaliwa na mwingine: mwenye nyumba hupunguza upenu na kuziba matundu akiokoa fedha mara moja, na mpangaji hununua umeme wa LUKU kila wiki kwa miaka yote atakayokaa humo. Atakaye kupanga chumba leo angefanya vema akikiingia saa tisa alasiri, si asubuhi kama madalali wapendavyo.

Na aliyekwisha kujenga vibaya hajafungiwa mlango. Bati la giza hupakwa rangi nyeupe ya paa. Matundu hutobolewa katika kuta za pembetatu chini ya kipaa. Ukumbi uliozibwa na kabati hufunguliwa. Ukuta wa magharibi, ambao hakuna upenu wa kuuokoa, hutafutiwa mti. Mwarobaini hukua upesi na kustahimili ukame, mwembe hukawia lakini kivuli chake ni kizito. Yote miwili ipandwe mita tano au zaidi kutoka ukutani, mizizi isiusumbue msingi, na matawi ya chini yakatwe mti ukuapo, maana kinachotakiwa upande ule ni kivuli juu ya ukuta na njia ya upepo chini yake.