Uta, Mti na Msamiati: Uvunaji wa Miti ya Pinde Katika Usukuma

Kiswahili kina majina mawili ya silaha moja: uta na upinde. Neno upinde limetokana na kitenzi pinda, na kwa hiyo huitaja silaha hiyo kwa umbo lake, yaani kitu kilichopindwa. Uta, ambalo wingi wake ni mata, ni neno kongwe zaidi, na wenziwe hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Kisukuma, lugha ya wenyeji wa Shinyanga na ya wakazi wengi wa Geita, kina buta. Kiambishi bu- kilichohifadhiwa na Kisukuma ndicho kilichopoteza konsonanti yake na kuwa u- katika Kiswahili. Uhusiano huohuo huonekana katika busungu ya Kisukuma na usungu ya Kiswahili, maana yake sumu ya mishale. Leo uta huonekana zaidi katika ushairi na kamusi, na upinde umechukua nafasi yake katika mazungumzo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba msamiati wa aina hii haulindwi na kamusi peke yake. Huishi pamoja na kazi iliyouzaa, nayo kazi huishi pamoja na mti.

Kazi yenyewe huanzia porini. Miongoni mwa miti ifaayo ni mikole, ya jenasi ya Grewia, ambayo huota katika vichaka vya nyanda kavu na ambayo mbao zake ni ngumu lakini hunyumbuka. Mvunaji hatafuti mti mkubwa. Hutafuta ufito ulionyooka, usio na vifundo, kwa kuwa penye kifundo ndipo uta uvunjikapo. Machipukizi yatokayo kwenye kisiki aghalabu hunyooka kuliko matawi ya mti mzima; kwa sababu hiyo mvunaji hodari hukata bila kung'oa shina, akijua kwamba kisiki kitampatia ufito mwingine. Baada ya hapo gome huambuliwa, na ncha mbili huchongwa ziwe nyembamba kuliko katikati. Ufito hupashwa moto ili unyooshwe au upindwe, kisha hukaushwa kivulini, maana ukikaushwa juani hupasuka. Mwisho hufungwa upote, ambao huweza kuwa ukano wa ng'ombe uliosokotwa. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi ingeweza kutungwa na mchonga mata.

Miti hiyo imepitia masaibu mengi. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka maeneo makubwa ya vichaka vya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o. Baadaye zikafuata haja za mashamba ya pamba, malisho na kuni, hata Shinyanga ikaogopewa kuwa jangwa. Upande wa Geita, dhahabu nayo ilidai miti. Mashimo ya wachimbaji wadogo huzuiwa yasiporomoke kwa magogo yaitwayo matimba, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza.

Ajabu ni kwamba wakati uleule ambapo miti ilikuwa imepungua sana, haja ya mata iliongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokithiri, wananchi wa Kahama na sehemu jirani waliunda vikundi vya ulinzi vilivyojulikana kwa jina la sungusungu, silaha zao zikiwa mata na mishale. Sheria ilikuja kuvitambua mwaka 1989. Asili ya jina hilo hubishaniwa. Wapo walihusishalo na sungusungu wa Kiswahili, wadudu wa jamii ya siafu waumao kwa pamoja; wapo walihusishalo na busungu ya mishale. Maelezo yote mawili yana mantiki, na huenda jina lilikubalika upesi kwa kuwa masikio ya Kiswahili na ya Kisukuma yalisikia kila moja maana yake.

Uokoaji wa miti ulitokana na desturi ya Wasukuma wenyewe. Ngitili ni eneo lifungwalo wakati wa mvua ili nyasi na miti istawi, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, uliacha kutegemea upandaji wa miche peke yake na kuifufua desturi hiyo. Ngitili zilizoorodheshwa mwaka 1986 zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa. Iliota kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini, jambo ambalo mvunaji wa fito alilijua zamani.

Hivyo maneno mawili yanasimulia historia mbili za mti katika eneo moja. Matimba ni neno la kukopwa, nalo hutaja mti unaoshuka shimoni usirudi. Ngitili ni neno la wenyeji lililoingia katika maandishi ya wataalamu wa misitu, nalo hutaja mti unaopewa muda wa kuchipua. Mtunga kamusi atakaye istilahi za uta hana budi kuandamana na mchongaji hadi penye kisiki na kuuliza jina la kila hatua. Akichelewa, atalikuta neno limebaki bila mtu awezaye kumwonesha maana yake.