Kwa nini 50 na 30 si 80 ukikunja bati

Umeshawahi kukata bati kwa kipimo, ukalikunja, halafu matundu yakagoma kukutana? Iwe ni karakana kubwa kama za Shirika la Mzinga hapa Morogoro au fundi wa majiko mtaani, hesabu ni ile ile.

Chukua bati la unene wa milimita 2. Unataka kona ya nyuzi 90, upande mmoja 50 na mwingine 30, ukipima kwa nje. Ukikata 80, umezidisha. Kwenye mkunjo, bati linavutika nje na kubanwa ndani. Katikati yake kuna mstari usiorefuka wala kufupika, ila husogea kidogo kuelekea ndani. Urefu wa mstari huo ndio wa kukata.

Programu ya kuchora huuliza namba K, yaani mstari huo uko sehemu gani ya unene, ukianzia ndani. Nusu kipenyo cha mkunjo kwa ndani kikiwa 2 na K ikiwa 0.4, mkunjo unakula 1.57 × (2 + 0.4 × 2), sawa na 4.4. Ongeza sehemu zilizonyooka, 46 na 26, unapata 76.4.

Ukiacha K ya 0.5, programu itakupa 76.7. Ni kidogo, eti? Kunja mara nne, umeshakosea zaidi ya milimita moja.

Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Kata kipande cha 100 cha bati hilo hilo, kikunje kwa mashine yako, pima pande zote mbili kwa nje. Jumla ikiwa 103.6, K yako ni 0.4: ziada ya 3.6 ni ile ile ya 80 kutoa 76.4. Iandike ukutani, kwa kila unene wa bati.