Mwanafunzi wa Uandishi na Tamasha la Waandishi: Aende na Nini?

Kila linapotangazwa tamasha la waandishi, wanafunzi wa Pemba tunaojifunza uandishi wa kubuni huulizana: kuna faida gani kuvuka bahari kutoka Mkoani hadi Malindi, Unguja, au kufika Dar es Salaam, kwenda kukaa kitini tu na kuwasikiliza wakubwa? Nauli ni pesa, na vipindi vinapita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba faida ipo, ila haimfikii kila anayehudhuria.

Tuanze na mfano unaojulikana. Juni 1962 kulifanyika mkutano wa waandishi wa Afrika huko Makerere, Kampala. Chinua Achebe alikuwepo, na Wole Soyinka pia. Alikuwepo vilevile mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kilichomwingiza ni nini? Hadithi fupi mbili tu, moja ikiwa imetoka katika Penpoint, jarida la wanafunzi wa hapohapo Makerere. Alikuwa na mswada, akamwomba Achebe ausome. Achebe akausoma na kutoa maoni yake. Mwaka 1964 ukatoka kitabu, Weep Not, Child. Kumbe haya majarida yetu ya wanafunzi, ambayo wengine huyaona ya kufungia maandazi, yaweza kumfungulia mtu mlango.

Lakini hebu tuutazame mkutano huo kwa upande wa pili. Uliwaita waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo Shaaban Robert, mtunzi wa Kusadikika na Adili na Nduguze, hakuwa na kiti. Alifariki mwezi uleule. Ngũgĩ mwenyewe alilirudia jambo hili mwaka 1986 katika Decolonising the Mind: mwanafunzi mwenye hadithi mbili anaingia, gwiji wa Kiswahili anabaki nje. Basi tunapopokea mwaliko wowote, swali la kwanza la kihakiki ni hili: mlango huu umefunguliwa kwa lugha gani, na nani kaachwa uwanjani?

Hapa Pemba tuna shule yetu ya kukutana kwa watunzi, nayo ni ya zamani kuliko Makerere. Tunao Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zimekusanywa katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichotoka mwaka 2011. Na tunao utamaduni wa majibizano, ambao watu wote wa pwani wanaujua. Mshairi hutoa shairi. Mwenzake hulijibu kwa bahari ileile na mara nyingi kwa vina vilevile, huku akiishika hoja na kuigeuza. Huwezi kujibu usichokifahamu. Kwa hiyo anayejibu ni mhakiki kabla ya kuwa mtunzi, na hadhira ndiyo hakimu.

Nadhani mwanafunzi akiubeba utamaduni huu, tamasha litamfaa. Kwanza, asome kazi za wageni kabla ya kuondoka, maana swali la mtu aliyesoma hujulikana. Pili, awe na kazi yake iliyokwisha, hata kama ni kurasa tano, na atafute mtu mmoja wa kumsomea. Saini kumi hazimjengi mtunzi. Tatu, akirudi aandike jibu: shairi, hadithi au uhakiki, wenzake waliobaki wapate cha kubishania.

Asije mtu akasema eti Kiswahili cha kisiwani hakifiki mbali. Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba, alishinda upande wa ushairi wa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2015, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kwa diwani yake N'na Kwetu. Anaishi Ujerumani, lakini kwao kumo ndani ya kila ukurasa.

Limebaki jambo moja, nalo nawaelekezea walimu wetu. Tunafundishwa majibizano kama historia, halafu mtihani unapita na yanasahauliwa. Kwa nini lisiwepo jukwaa la kujibizana hapa Chake Chake, wanafunzi wa Unguja na bara wakavuka wao safari hii? Nauli yao itakuwa ileile yetu.