Simu Inayochungulia Ndani ya Jicho

Ukitaja kamera ya simu, wengi watafikiria selfi na picha za harusi. Hapa Nakuru kamera hiyo ilipewa kazi nzito zaidi miaka kumi na zaidi iliyopita, na inaniuma kwamba ni wachache wanaoifahamu, ilhali walioketi kwenye viti na kukodoa macho ili kazi hiyo ijaribiwe ni wazazi wetu wenyewe.

Mambo yalianza mwaka 2007 na 2008, watafiti walipozunguka sehemu 100 za iliyokuwa Wilaya ya Nakuru wakawapima macho watu 4,414 waliotimiza miaka 50 au kuipita. Mkazi yeyote wa Bonde la Ufa anakumbuka yaliyotupata miaka hiyo: ghasia za uchaguzi, nyumba kuteketezwa, majirani kuhama usiku. Hata hivyo, mwaka 2013 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale, kijiji kwa kijiji, wakafanikiwa kuwapima tena zaidi ya 2,000. Walitaka kujua ni wangapi waliopoteza uwezo wa kuona katika miaka sita hiyo, na kwa sababu gani.

Safari hii aliyewaongoza alikuwa Andrew Bastawrous, daktari wa macho Mwingereza kutoka chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Yeye mwenyewe alikuwa na macho dhaifu utotoni hadi alipopata miwani. Timu yake ilibeba mashine za hospitali za maelfu ya pauni, zilizotengenezwa kukaa mezani katika chumba chenye umeme. Anayezijua barabara za kwetu mvua ikinyesha, upande wa Kuresoi au Mau Narok, ataelewa taabu ya kupitisha kioo na lenzi kwenye tope lile. Walifika mahali pasipo na umeme wala barabara ya maana, lakini simu ikashika mtandao. Hapo ndipo wazo la Peek, mfumo wa kupima macho kwa simu, lilipopata mwili: ikiwa simu imefika kabla ya daktari, basi simu ifanye sehemu ya kazi ya daktari.

Kazi ya kwanza ni kupima ukali wa macho ya mtu. Chati ya herufi iliyobuniwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862 bado imetundikwa kwenye kuta za hospitali zetu, nayo inataka nafasi ya mita sita na mtu anayejua kusoma. Programu ya Peek huonyesha herufi moja tu, E, iliyogeuzwa juu, chini, kushoto au kulia, na anayepimwa hukaa mita mbili tu kutoka kwenye simu. Yeye huonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea, na mpimaji hutelezesha kidole kwenye skrini kufuata mkono huo. Mpimaji hana haja ya kujua jibu sahihi. Simu ndiyo inayosahihisha, kisha inapunguza au kuongeza ukubwa wa herufi hadi ipate kikomo cha jicho lile.

Nilimpima hivyo jirani wa mama yangu kule Njoro, mzee wa miaka sabini na kitu, mkulima wa mahindi. Alikaa kwenye kigoda kivulini, jicho la kushoto limefunikwa kwa kiganja. Jicho la kulia likaenda vizuri, mkono wake ukizunguka kama wa askari wa trafiki. Tukabadilisha.

“Mzee, hapa miguu inaangalia wapi?”

“Iko wapi hiyo herufi, mwalimu? Mimi naona weupe tu.”

Nikakuza. Akanyamaza, akasogeza kichwa mbele, nikamwomba arudi nyuma. Alikuwa ameishi na jicho moja bila kujua, kwa sababu lile zima lilimfichia hasara ya mwenzake. Lawama zote alikuwa amezitupia vumbi la kupura mahindi. Hospitalini wakamkuta na mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Ieleweke hapa kwamba programu haikutaja ugonjwa. Ilisema tu jicho halioni inavyopaswa, na kutafuta sababu ni kazi ya mwenye taaluma.

Kazi ya pili ndiyo inayohusu kamera yenyewe, na kwangu ndiyo ya ajabu zaidi. Nyuma kabisa ya jicho kuna retina, na ndani ya eneo hilo kuna kichwa cha neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huila neva hiyo polepole bila maumivu, na kinacholiwa hakirudi. Daktari huitambua kwa kutazama kishimo kilicho kwenye kichwa cha neva: kikipanuka kupita kiasi, kuna hatari. Tatizo ni kwamba ndani ya jicho ni giza, na ukilimulika kwa tochi ya simu mwanga hauingii sawa na njia ya lenzi. Wahandisi wakatengeneza kifaa kidogo cha kupachikwa juu ya kamera, kinachoupinda mwanga wa simu yenyewe uingie kwenye mboni sambamba na lenzi ya kamera. Mifano ya kwanza ilichapwa kwa printa ya 3D.

Je, picha zake zinaaminika? Swali hilo lilijibiwa hapa Nakuru. Picha za simu zililinganishwa na za kamera kubwa ya hospitali, kisha zikasomwa na wataalamu wa Moorfields, hospitali ya macho ya London. Mmoja wa waliopiga picha hizo hakuwa na mafunzo yoyote ya tiba, lakini zake zilitosha kusomwa karibu sawa na za mhudumu mzoefu wa macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa macho la Marekani, JAMA Ophthalmology. Nasema wazi kwamba jambo hili lingestahili kufundishwa katika shule zetu.

Lakini nimekuwa mwalimu muda mrefu, na najua kupima si kutibu. Mtoto hupewa barua ya kwenda hospitali, barua ikaishia chini ya mkoba. Ndiyo maana nauthamini zaidi utafiti uliofanywa Kitale chini ya Daktari Hillary Rono katika shule 50 za msingi, zenye wanafunzi zaidi ya 20,000. Walimu ndio waliopima. Shule za upande mmoja zilitumia chati na barua za kawaida. Za upande wa pili zilitumia simu, mzazi akapewa picha inayoonyesha jinsi ubao unavyoonekana kwa mtoto wake, ukungu mtupu, kisha akatumiwa meseji za kumkumbusha. Kwa barua, watoto 22 katika kila 100 waliotakiwa kwenda hospitali ndio waliofika. Kwa simu, walifika 54. Kwa maoni yangu ile meseji ya kawaida, ambayo hata simu ndogo ya kabambe hupokea, ilifanya kazi kubwa kuliko kamera yoyote.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasiopungua bilioni moja wana matatizo ya kuona ambayo yangeweza kuzuiwa au bado hayajashughulikiwa. Madaktari wa macho hatuna wa kutosha, na wengi wao wako mijini. Simu tunazo. Mwaka 2023 serikali iligawa vifaa na simu kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Watu hawa hupita mlangoni kwa kina shosho kila mwezi. Naiomba serikali ya Kaunti ya Nakuru iwape mafunzo ya kupima macho, na ihakikishe kuna miwani na nafasi ya upasuaji kwa watakaopelekwa, maana simu haimpasui mtu.

Nawe msomaji, usingoje serikali. Ukienda nyumbani, mwambie mzazi wako afunike jicho moja akutajie anachokiona upande wa pili wa kiwanja, kisha afunike la pili. Akisitasita, mpeleke kliniki ya macho wiki hiyohiyo.