Amana Iliyo Ndani ya Diski

Abiria ashukaye daladala Makumira, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, huku Mlima Meru umejisitiri kwa mawingu, aghalabu huwakuta vijana wenye mikoba mgongoni wakielekea katika chuo cha Kilutheri kilichohamishiwa hapa mwaka 1954 kutoka Lwandai, kule Usambara. Na ndani ya mikoba ile, pamoja na Biblia na daftari, siku hizi imo kompyuta mpakato, ambayo kesho, kijana yule akiwa mchungaji wa usharika, itachukua barua za ndoa zilizoingia dosari, orodha za wagonjwa, na mambo ambayo watu walimnong'oneza yeye peke yake. Hizo ni amana. Mwizi akiukwapua mkoba katika msongamano wa stendi, mashine itanunuliwa nyingine. Lakini yule mjane ambaye habari zake zimo ndani, wala hakuulizwa kama aliridhia zilale humo, sitara yake hainunuliki.

Arusha inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Kwa muda wa miaka ishirini, hadi tarehe 31 Desemba 2015, ilikaa hapa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na mashahidi wengi waliofika mbele ya majaji hawakutajwa kwa majina yao bali kwa herufi tu, kwa kuwa jina likivuja, shahidi na jamaa zake waliingia hatarini.

Wengi hudhani kwamba nywila ya kuingilia kompyuta yatosha kuzilinda siri kama hizo. Hasha! Diski ikichomolewa na kuunganishwa na mashine nyingine, nywila ile haiulizwi tena, na kila kilichomo husomeka kama gazeti. Dawa yake ni kuifumba diski yenyewe, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliwasadikisha alipoandika jinsi ya kufumbua maandiko ya siri kwa kuhesabu marudio ya herufi. Walakini fumbo litumikalo leo, liitwalo AES, lililobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kukubaliwa rasmi na serikali ya Marekani mwaka 2001, kanuni yake imechapishwa hadharani, werevu wa ulimwengu wameichungua kwa miaka, na asiye na ufunguo angali yu nje.

Katika Linux, mfumo ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, kazi hii hufanywa kwa utaratibu uitwao LUKS, nao haulipiwi. Sehemu kuu ya diski huitwa mzizi, maana faili zote huchipuka humo. Pembeni yake ipo sehemu nyingine, swapu, ambayo watu huisahau, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini. Kumbukumbu ya kompyuta ikijaa, mashine huhamishia baadhi ya yaliyomo katika swapu, mithili ya karani ambaye meza ikimjaa huweka karatasi sakafuni nyuma ya kiti chake. Barua uliyoifungua punde, hata nywila uliyoiandika, yaweza kunakiliwa humo bila amri yako na kubaki humo baada ya kuzima. Basi aliyefumba mzizi akaiacha swapu wazi amefunga kasha, ilhali karatasi zimetapakaa sakafuni.

Swapu yaweza kufumbwa kwa ufunguo wa kubahatisha, unaozaliwa kila mashine iwashwapo na kufa izimwapo, wala hakuna wa kuukariri. Ni njia nzuri, ila inaua usingizi mzito, yaani ule ambao kumbukumbu yote huandikwa katika swapu kabla ya umeme kukatwa. Ufunguo ukishakufa, hakuna cha kuamsha. Kwa sisi tuliozoea umeme kukatika katikati ya kazi, na kwa hiyo tunauhitaji usingizi huo, naona afadhali njia ya pili: kasha moja lililofumbwa, ndani yake mzizi na swapu pamoja, chini ya nywila moja. Debian na Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, hukuuliza kuhusu jambo hili wakati wa kusimika mfumo. Kipande kidogo cha kuanzishia hubaki wazi, kwa kuwa mashine lazima ipate cha kusoma kabla ya kuuliza ufunguo.

Lakini usimikaji huo hufuta vilivyokuwamo, kwa hiyo nakala zitangulie. Nywila ikipotea, hakuna fundi, wa Arusha wala wa ng'ambo, atakayeirejesha. LUKS ya toleo la pili ina nafasi 32 za funguo. Kwa kuwa nafasi zipo, ni busara nywila ya akiba iandikwe katika karatasi na kuhifadhiwa palipo salama, mbali na mkoba.

Tena fumbo hulinda mashine iliyozimwa. Iliyofunikwa tu, ikasinzia usingizi mwepesi, bado ina ufunguo katika kumbukumbu yake. Hivyo mchungaji apandaye gari hapo Makumira na aizime kabisa kwanza, hata kama safari yake inaishia Usa River, hapo jirani.