Kitanda kimoja, mahututi wawili: aliyewahi ndiye apewe?

Kwenye foleni ya zahanati, aliyewahi hutibiwa kwanza na hakuna anayenung'unika. Kanuni hiyo ikiingizwa chumba cha wagonjwa mahututi wakati wa mlipuko, inageuka dhuluma. Chukua mfano wa huku kwetu Tanzania: lami ya kutoka Arusha inaishia lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Mgonjwa wa mjini Karatu atafika hospitali hata kwa bodaboda. Wa Endulen, ndani ya Ngorongoro, ana safari ndefu kabla ya kuiona hiyo lami. Anaweza kuugua mapema na bado akakuta kitanda kina mtu.

Machi 2020, UVIKO-19 ilipoelemea hospitali za Italia, jopo la wataalamu lilikataa kanuni hiyo katika jarida la New England Journal of Medicine. Atangulie mwenye matumaini makubwa ya kupona, walisema, na wanaolingana wachaguliwe kwa bahati nasibu. Uamuzi usiachiwe daktari anayemtibu mgonjwa.

Sawa, lakini matumaini hayo yanapimwaje? Mara nyingi huanza na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma kiwango cha oksijeni kwenye damu. Lakini ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ina mgandamizo wa takriban robo tatu tu ya ule wa pwani. Hivyo huko kifaa kinaweza kumsomea mtu mwenye afya chini ya asilimia 95 bila yeye kuumwa chochote. Upande wa pili, utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kuwa kifaa hicho kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kosa moja linamwonyesha mzima kuwa mgonjwa, jingine linamficha mgonjwa.

Na tusidanganyane: kwetu kinachogombewa kwanza ni oksijeni, mashine za kupumulia baadaye. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa saa 11 na ushee. Katika utafiti wa nchi 10 za Afrika uliotoka mwaka 2021, karibu nusu ya mahututi wa UVIKO-19 walikufa ndani ya siku 30, na uhaba wa vifaa ulitajwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo mgao wa haki unaanzia mbali na wodi. Oksijeni ianze kule kule Endulen na iendelee ndani ya gari la wagonjwa. Vigezo vitangazwe kabla ya mlipuko, kwa Kimaasai na Kiiraqw pia. Na ikibidi kuangalia nani alitangulia, saa ihesabiwe tangu zahanati ilipompima mgonjwa, si tangu alipovuka mlango wa hospitali.