Bahasha Kuukuu Zisichomwe Moto

Hutokea mara kwa mara, ofisi inaposafishwa au nyumba ya marehemu inapofunguliwa, bahasha kuukuu zikakusanywa na kutiwa moto pamoja na takataka. Anayezichoma huona karatasi tu. Kwingineko wapo watu ambao wangevuka bahari kuzifuata.

Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei, 1840, kwa thamani ya peni moja. Haukupita muda mrefu wakazuka wakusanyaji wake, nao wakachekwa kuwa wameingiwa na wazimu. Lakini kazi yao hiyo ya starehe, tofauti na kukusanya vito au picha za wachoraji mashuhuri, haikudai utajiri. Mtoto wa shule mwenye mkasi, na jirani apokeaye barua kutoka ng'ambo, aliweza kuanza siku hiyo hiyo. Wafanyabiashara nao wakauza vifurushi vya stempu mchanganyiko na madaftari ya kuzibandikia, hata mtoto huyo na mwana wa mfalme wakawa na shughuli moja. Mwaka 1904 yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano alinunua stempu moja ya Mauritius, ya mwaka 1847, kwa pauni 1,450.

Mauritius ni kisiwa kama sisi, na stempu zetu hazikosi wa kuzitamani. Mwaka 1895 stempu za Bara Hindi zilipigwa chapa ya jina la Zanzibar, na katika baadhi yake herufi moja ikakosewa, ikasomeka "Zanzidar". Kosa hilo, ambalo huenda lilimpatia mtu karipio, ndilo linalotafutwa leo. Baada ya Mapinduzi ya Januari, 1964, stempu zenye sura ya Sultani ziligongwa kwa mkono muhuri wa "JAMHURI 1964", na kikaratasi kimoja kikabeba serikali mbili, iliyoondoka na iliyoingia. Stempu za Zanzibar zilikoma mwishoni mwa 1967.

Tunaziomba idara za Serikali, kabla ya kuteketeza majalada, zitenge bahasha zake na kuzipeleka kwenye hifadhi ya Nyaraka iliyoko Kilimani. Wala stempu zisibanduliwe, kwani iliyobaki kwenye bahasha yenye muhuri wa posta ya Wete au Chake Chake hueleza mengi kuliko iliyong'olewa. Na mwananchi mwenye kasha la barua za babu yake asilifungue mbele ya mchuuzi kabla hajamwita ajuaye thamani yake.